Mpelelezi Aliyejigeuza Pengwini

 Katika dakika zetu hizi za vitabu redioni tumekuwa na riwaya nzito kwa muda, na barua zenu, wasikilizaji, zimeanza kulalamika kwamba tunawachosha. Haya, leo tupumue. Nimekuja na kitabu cha katuni, cha Uingereza, cha miaka ya themanini, na mhusika ninayetaka tumzungumzie ni pengwini. Ndiyo, yule ndege wa bahari za kusini asiyeruka. Huyu anaongea, alishawahi kuwa mpelelezi wa kukodiwa, na anasafiri kutoka sayari moja hadi nyingine na mtu mwenye mashine ya kupita katika wakati.

Wapo watakaoguna. Katuni nazo ni za kujadiliwa redioni? Ninawakumbusha tu kwamba wengi wetu tulianza kupenda kusoma kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo, au kwa Ndumilakuwili na Lodilofa wa gazeti la Sani, kabla mwalimu yeyote hajatutia riwaya mkononi. Katuni inayotoka kipande kwa kipande ina ugumu wake. Unapewa kurasa chache, halafu unaambiwa subiri. Mwandishi asiyejua kukuachia kiu, toleo lijalo hununui. Kitabu cha leo kilizaliwa katika mazingira hayo hayo ya kusubiri.

Kwa wasiomjua Daktari, yule mwenye mashine ya wakati, nieleze kwa ufupi. *Doctor Who* ni mchezo wa televisheni wa BBC ulioanza tarehe 23 Novemba 1963. Daktari si binadamu. Anatoka sayari ya Gallifrey, kwa watu wanaojiita Mabwana wa Wakati, na chombo chake, TARDIS, kwa nje kinaonekana kama kibanda cha buluu cha polisi wa London, ilhali ndani ni kikubwa kuliko nyumba. Akikaribia kufa, mwili wake hubadilika na kuwa mtu mwingine, na ndiyo maana mchezo umeweza kubadilisha waigizaji bila kufa wenyewe. Tena hasafiri peke yake. Karibu siku zote ana mwandani, mara nyingi msichana wa Kiingereza, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuuliza, "Daktari, hiki ni nini?" ili sisi watazamaji tupate jibu.

Mnamo Oktoba 1979 tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel lilianzisha jarida la Daktari, kwanza la kila wiki, na mwaka uliofuata likawa la kila mwezi. Ndani yake mlikuwa na katuni ya mfululizo, isiyo na rangi. Mchoraji wa mwanzo alikuwa Dave Gibbons, ambaye baadaye alichora *Watchmen*, kwa hiyo msidhani lilikuwa jarida la kubahatisha. Kalamu ya maneno ikaja kushikwa na Steve Parkhouse, na mwaka 1984, alipoingia Daktari wa sita aliyeigizwa na Colin Baker, michoro ikachukuliwa na John Ridgway. Hawa wawili, Parkhouse na Ridgway, ndio waliotuletea pengwini.

Lakini kabla ya pengwini kulikuwa na roboti, na kisa cha roboti huyo ni cha kusikitisha kidogo. Mwaka 1983 watengenezaji wa mchezo wa televisheni walimpa Daktari mwandani mpya, Kamelion, roboti awezaye kujigeuza umbo lolote. Halikuwa vazi lenye mtu ndani. Ilikuwa mashine halisi, yenye programu ya kuiwezesha kuchezesha mdomo na viungo. Mtaalamu aliyeandika programu hiyo akafariki katika ajali ya mashua, na hakubaki mwingine aliyejua barabara jinsi ya kuiendesha. Wakawa na mwandani wa bei kubwa aliyekaa kimya. Kamelion alionekana katika hadithi mbili tu za maana: ile ya kumtambulisha, na *Planet of Fire*, iliyorushwa Februari na Machi 1984, ambamo anaangamizwa.

Sasa tazameni tarehe. Toleo la 88 la jarida, la Mei 1984, lina hadithi iitwayo *The Shape Shifter*, na ndani yake yumo kiumbe awezaye kujigeuza umbo lolote. Sijui kama Parkhouse alifanya makusudi kuwakejeli wa televisheni. Ninachoona ni kwamba jambo lililowashinda watu wenye mafundi, nyaya na bajeti ya BBC, mtu mwenye chupa ya wino alilimaliza katika kisanduku kimoja. Mhusika ni mtu, kisanduku kinachofuata ni meza, kinachofuata ni mtu tena. Gharama ni ile ile. Hapo ndipo mchoro unapoishinda kamera.

Jina lake la kwanza ni Avan Tarklu, wa kabila la viumbe waitwao Whifferdill. Ni mpelelezi wa kukodiwa asiye na kazi, wa aina mnayoijua kutoka sinema za zamani za Marekani: ofisi ya hovyo, madeni, maneno makali na moyo laini. Sisi tuna wapelelezi wetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake ni mtu wa heshima, anayefikiri ameketi, na Najum pembeni akishangaa. Tarklu hana hata hadhi ya kushangaliwa. Anaona tangazo kwamba anatafutwa mtu aitwaye Daktari, na zawadi ni mazuma 250,000, sarafu ya huko kwao. Anaingia kwenye TARDIS kwa kujigeuza, akitaka kumkamata Daktari na kumuuza.

Aliyetangaza zawadi ni Josiah W. Dogbolter, tajiri mwenye sura ya chura. Huyu hunipa raha kila anapotokea. Amekaa nyuma ya meza yake na sigara, pembeni yake roboti mdogo mtiifu aitwaye Hob, na sababu yake ya kuitaka mashine ya Daktari ni rahisi mno: wakati ni mali, basi mwenye mashine ya wakati atakuwa na mali yote. Wazee wetu wamelisema hilo miaka nenda miaka rudi bila kumdhuru mtu. Kwa Dogbolter limekuwa mpango wa biashara. Mwishowe mwindaji na mwindwa wanaona heri waungane wamtapeli chura. Na ndivyo urafiki wao unavyoanza, kwa utapeli wa pamoja. Mimi napenda mwanzo huo. Wandani wengi wa Daktari huingia chomboni kwa bahati mbaya au kwa kuokolewa. Huyu aliingia na nia mbaya, akabaki kwa hiari.

Hadithi inayofuata inaitwa *Voyager*, na hiyo ndiyo yenye uzito. Ndiyo iliyokipa jina kitabu chote pale kampuni ya Panini ilipozikusanya hadithi hizi mwaka 2007. Inaanza kwa ndoto. Daktari amefungwa kwa kamba kwenye usukani wa merikebu ya tanga, bahari imechafuka, na mbele hakuna upeo wa macho. Kuna maporomoko. Maji yote ya bahari yanamwagika kutoka ukingo wa dunia, na merikebu inaelekea huko huko. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kurasa hizi za mwanzo zinaonyesha Ridgway ni mtu wa aina gani.

Ridgway huchora kwa mistari myembamba, mingi, iliyolazwa mmoja juu ya mwingine hadi giza lipatikane. Hamwagi wino mweusi akajaza ukurasa. Analijenga giza. Kamba za merikebu unaweza kuzifuata kwa kidole, kutoka mlingoti hadi ubavuni. Halafu Daktari anaamka, na muda si muda tuko kwenye barafu, mbele ya merikebu iliyonaswa humo. Hapo Ridgway anafanya kinyume chake: mistari inaisha, karatasi inabaki tupu, na ule utupu ndio baridi yenyewe. Mwandishi wa riwaya angehitaji aya nzima kukutia baridi ya namna hiyo. Hapa jicho lako limetoka kwenye weusi mwingi likaingia kwenye weupe, na mwili umeelewa kabla ya akili.

Na ni katika hadithi hii mwenzetu wa Whifferdill anachukua umbo la pengwini na jina jipya, Frobisher. Jina la Kiingereza kabisa. Palikuwa hata na baharia wa Kiingereza wa karne ya 16, Martin Frobisher, aliyekwenda kutafuta njia ya baharini kupita kwenye barafu ya kaskazini ya Amerika. Kwa nini pengwini? Parkhouse hatoi maelezo ya maana, na amefanya vyema. Mtu awezaye kuwa simba, ndege ya kivita au mfalme, ameamua kuwa ndege mfupi anayeyumba akitembea. Uamuzi huo unakuambia habari zake zaidi kuliko ukurasa mzima wa wasifu.

Mimi nina maelezo yangu, nayo ni ya uchapishaji. Daktari huyu wa sita, kwenye televisheni, alivaa koti la viraka vya rangi zote zisizopatana: nyekundu, njano, kijani, waridi. Koti hilo lilikuwa kelele. Katika katuni isiyo na rangi, kelele ile imezimwa. Ridgway amelazimika kutofautisha viraka kwa mistari, nukta na miraba, na bado unajua kuna kitu umenyimwa. Sasa mtazame aliye pembeni yake. Pengwini ni mweusi na mweupe. Kwenye karatasi hajapungukiwa na chochote. Katika ulimwengu ule wa wino, Daktari ni mgeni aliyevuliwa rangi zake, na Frobisher ndiye mwenyeji. Baadaye lilitoka toleo la *Voyager* lililotiwa rangi. Nimeliona. Lina uzuri wake, ila pengwini amekuwa mmoja tu kati ya vitu vingi vyenye rangi, na koti limerudi kupiga makelele.

Adui wa hadithi ni mzee mmoja, Astrolabus, Bwana wa Wakati mtoro, mwongo, mwenye maneno mengi na haiba yake. Ameiba ramani za nyota kutoka kwa Voyager, kiumbe mkubwa wa kutisha ambaye hatuambiwi ni nini hasa. Msikilizaji wa pwani, ambaye babu yake alikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi akizisoma nyota, haoni ajabu kwamba mtu aibe ramani ya nyota, wala kwamba mwenyewe amfuate mwizi hadi mwisho wa dunia. Astrolabus anapobanwa anatoroka kwa chombo cha mabawa ya mbao na kitambaa, cha namna ile aliyoichora Leonardo da Vinci. Na ramani zenyewe? Amezichora mwilini mwake. Hizo ni picha ambazo ukishaziona hazikutoki.

Frobisher anafanya nini humu? Kusema kweli, anafanya machache. Hapigani sana, hajigeuzi sana. Anauliza, analalamika juu ya baridi na chakula, anamvuta Daktari arudi kwenye mambo ya kawaida. Na bila yeye hadithi ingekosa pa kukanyaga. Daktari amezama katika ndoto, Astrolabus anaongea kwa mafumbo, Voyager haongei na watu wadogo. Ni pengwini peke yake mwenye akili ya mtu wa mtaani. Huo ndio mzaha mkubwa wa kitabu, na hakuna mhusika anayeusema kwa sauti. Hakuna pia anayemshangaa. Katika ngano zetu sungura na fisi huongea kwa kuwa wako kwao, porini, kwenye ulimwengu wao. Frobisher anaongea kati ya watu, kwenye foleni za watu na ofisi za watu, na watu wanamjibu kama wanavyomjibu jirani.

*Polly the Glot*, inayofuata, ni nyepesi. Kuna viumbe wakubwa wanaoelea angani, wanawindwa, na kuna mwandishi wa bunilizi za kisayansi aitwaye Ivan Asimoff anayewatetea. Anayelijua jina la Isaac Asimov atacheka, asiyelijua hakosi kitu. Isomeni haraka kwa kujifurahisha.

*Once Upon a Time-Lord* ndiyo inayofunga kisa cha Astrolabus, na hapa nina ugomvi. Mzee anamkokota Daktari kwenye ulimwengu wa hadithi, na ghafla kurasa zinabadilika sura: picha nadhifu juu, mashairi na maandishi chini, mithili ya vitabu vya Rupert, yule dubu ambaye watoto wa Kiingereza wamelelewa naye tangu 1920. Ni ufundi wa hali ya juu. Anayeiba ramani ameanza kuiba hata namna ya kusimulia. Kwa kurasa hizo mwandishi na mchoraji wanastahili kupigiwa makofi. Ila mwisho wenyewe umefika kwa haraka. Tumefuata ramani zile kwa miezi, tumeogopa Voyager kwa miezi, halafu hesabu inafungwa kwa kurasa chache na Daktari amebaki kuwa mtazamaji. Parkhouse aliacha kuandika mfululizo huu hapo hapo, kwenye toleo la 99, na mimi nikisoma naona mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikichague kitabu hiki na si kingine.

Kisiwani Unguja, karne ya 19, Askofu Edward Steere alikusanya ngano za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870. Mojawapo ni ya Sultani Darai, na wengi mnaijua hata kama hamjawahi kukiona kitabu. Maskini mmoja anayechakura jaani ananunua paa kwa senti zake za mwisho. Paa anasema. Paa anaokota almasi, anamwozesha bwana wake binti wa sultani, anamuua joka lenye vichwa saba na kumpatia bwana nyumba na mali. Mwandani wa ajabu kama huyo humpati dukani. Kisha paa anaugua. Na bwana, aliyevishwa na kulishwa kwa akili ya paa, anasema apewe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa kwa uchungu. Bwana anaamka siku moja yuko jaani, anachakura.

Ngano ile haijali sana miujiza ya paa. Inangoja siku miujiza itakapokwisha, iwatazame waliobaki. Na mimi tangu nilipoisikia, kila ninapokutana na hadithi ya mtu na mwandani wake wa ajabu, roboti, joka, mbwa mwenye akili, nauliza swali la paa: siku atakapougua itakuwaje?

Katuni ya Frobisher inalo jibu. Baadaye katika mfululizo, chini ya mwandishi mwingine, Frobisher anapatwa na ugonjwa uitwao monomofia. Ni ugonjwa wa Whifferdill: mgonjwa hawezi tena kujigeuza. Amenaswa katika umbo alilo nalo, na umbo alilo nalo ni pengwini. Karama iliyomwingiza chomboni imekwisha. Hafai tena kuwa ufunguo, mlinzi wa adui wala Daktari wa bandia. Amebaki na mabawa yasiyoruka, mikono hana, miguu mifupi. Kwa hesabu ya Dogbolter, thamani yake ni sifuri.

Na hakuna kinachobadilika. Ndilo jibu. Anaendelea kukaa chomboni, anaendelea kulalamika, anaendelea kuulizwa maoni. Mnamo 1985 Peri, mwandani wa kutoka televisheni, anaingia kwenye katuni, na wanakuwa watatu. Katika kisa kirefu cha wakati huo kila sura imepewa jina la mtu, hadithi ya Kane, ya Abel, ya shujaa, na ya mwisho inaitwa *Frobisher's Story*. Katika kisa chenye mashujaa wa kila namna, hitimisho likapewa jina la pengwini.

Mtasema labda waandishi walichoka tu na mtu wa kujigeuza, kwa kuwa mhusika awezaye kila kitu huua hadithi: akifungiwa mlango anakuwa sisimizi, akifukuzwa anakuwa jiwe. Inawezekana kabisa. Ugonjwa wa mhusika mara nyingi ni dawa ya mwandishi. Hata hivyo walikuwa na njia rahisi zaidi, kumwondoa, kama televisheni ilivyomwondoa Kamelion mara tu mitambo yake iliposhindwa kazi. Roboti alikuwa na thamani alipofanya kazi. Alipoharibika akasukumwa pembeni, na alipoletwa tena ilikuwa ni ili auawe. Naomba mtazame visa hivi viwili pamoja, cha BBC na cha jarida, mseme ni kipi kilichomtendea mwandani wake kama yule bwana alivyomtendea paa.

Kuna jambo la historia pia. Februari 1985 BBC ilitangaza kuusimamisha mchezo wa Daktari, na haukurudi hadi Septemba 1986, ukiwa na vipindi 14 tu. Kwa muda wote huo, mpenzi wa Daktari aliyetaka kisa kipya kila mwezi alikwenda dukani kununua jarida, na ndani ya jarida alimkuta pengwini. Kwa hiyo Frobisher hakuwa kichekesho cha pembeni. Kwa mwaka mzima na zaidi, yeye na Daktari ndio waliokuwa wakiusogeza mchezo mbele. Hata Grant Morrison, ambaye baadaye jina lake lilikuja kuwa kubwa katika katuni za Marekani, aliandika visa kadhaa vya jarida hili akiwa kijana, na pengwini alimkuta.

Si hadithi zote za kipindi hicho zilizo nzuri. Nyingine zina vita vya angani ambavyo hata mistari ya Ridgway haiwezi kuviokoa, na maadui wasiotofautiana na wa mwezi uliopita. Peri naye hakupewa nafasi aliyostahili. Mara nyingi anauliza maswali ambayo Frobisher ameshayauliza. Frobisher mwenyewe anamwacha Daktari mwishoni mwa 1987 na mwanzoni mwa 1988, Daktari akiwa amekwisha kubadilika kuwa wa saba, katika *A Cold Day in Hell*. Peri ameondoka, pengwini ana huzuni, anaamua kubaki kwenye sayari ya A-Lux. Wakamwacha huko. Ningependa angeagwa kwa kurasa mbili zaidi.

Nimalizie kwa jambo la kazi yetu hii ya redio. Mwaka 2000 kampuni ya Big Finish, inayotengeneza michezo ya kusikilizwa, ilimrudisha Frobisher katika *The Holy Terror*, iliyoandikwa na Robert Shearman, sauti ikiwa ya Robert Jezek. Nilipolisikia wazo hilo mara ya kwanza nililidharau. Mhusika ambaye uzuri wake wote ni sura, unampeleka mahali pasipo sura? Nikasikiliza. Daktari na Frobisher wanafika kwenye ngome ambako kila mfalme mpya huabudiwa kama mungu, na watu wa ngome, wakiona ndege mkubwa anayeongea, wanaamua mungu ni huyu. Frobisher, maskini, anaanza kuufurahia uungu. Anataka kuwa mungu mwema, wa kidemokrasia, asiyekata watu vichwa. Unacheka, halafu polepole kicheko kinakauka, kwa kuwa mchezo ule unakwenda mahali pa giza sana.

Kwa kukosa picha, msikilizaji anamsahau pengwini. Anasikia mtu tu, mwenye sauti ya uchovu na nia njema, anayefanya makosa. Halafu mhusika mmoja anataja mabawa au mdomo wa ndege, nawe unashtuka: kumbe! Unarudishwa kwenye umbo lake, kisha unalisahau tena. Katika katuni jicho halikupi nafasi ya kusahau. Tuna watayarishaji wa michezo ya redio Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi wanaonisikiliza sasa hivi. Wanaoniambia kila siku kwamba bunilizi za kisayansi haziwezekani redioni kwa sababu hatuna fedha za madoido, wautafute mchezo huo wausikilize. Madoido yake makubwa ni mwigizaji mmoja kwenye kipaza sauti.

Kwa atakayetaka kusoma: anza na *The Shape Shifter*, uingie *Voyager* taratibu, upite *Polly the Glot* kwa mwendo wa haraka, na ukifika *Once Upon a Time-Lord* usitarajie mwisho mkubwa, ila tazama kurasa. Tafuta toleo lisilo na rangi. Watoto wa miaka kumi kwenda juu watakifurahia kitabu hiki. Wadogo zaidi ya hapo wasomeeni mchana, maana Voyager anatisha. Kama una haraka na unataka kisa kimoja tu, chukua kile cha chura na mazuma 250,000, usome ukiwa kwenye daladala. Utapitiliza kituo.